Mwili Haupigwi Pasi

Asubuhi, kabla maduka mengine hayajafunguliwa, mlango wa dobi ulikuwa wazi. Uani, mke wa dobi alikuwa ameinama juu ya beseni, povu likimfika viwikoni. Mbele, katika chumba kinachotazama barabara, dobi mwenyewe alitandika blanketi kuukuu juu ya meza, akaweka shuka jeupe juu yake, akachomeka pasi. Iliposhika moto alivuta shati la kwanza na kuanza na kola.

Ndiyo maana watu walimwita Kola. Jina alilopewa na wazazi lilikuwa limesahaulika, na hata yeye akiitwa kwa jina hilo alichelewa kuitika. Hakuna mtu mtaani aliyejua kunyoosha kola ya shati kama yeye. Kola zake hazikuwa na kunyanzi, hazikung'aa kwa kuungua, na zilikaa vizuri shingoni mpaka jioni. Mwenye usaili wa kazi alimletea Kola shati lake. Mwenye kesi alimletea Kola. Hata watu wenye pasi nzuri nyumbani walimletea Kola, kisha wakasingizia kwamba umeme umekatika.

Akiwa kazini hakuwa mtu wa maneno. Ukimsalimia akiwa ameshika pasi, aliitika kwa nyusi. Wageni walidhani anaringa. Wenyeji walisema, "Mwache, ana mazungumzo yake na kola."

Mkewe ndiye aliyekuwa msemaji wa duka. Alipokea nguo, alitania wateja, aliuliza habari za wagonjwa na wanafunzi. "Mimi nafua na kusema," aliwaambia. "Yeye ananyoosha na kununa. Tumegawana kazi."

Tatizo lilianza kama mengi yanavyoanza, kidogo kidogo. Bega la kulia lilimkaza Kola jioni. Akajisemea ni uchovu. Kisha likamkaza mchana. Akajisemea ni baridi. Kisha maumivu yakapanda shingoni, na Kola akawa hawezi tena kugeuza kichwa. Mteja akimwita, aligeuka mwili mzima, kama mlango. Mkewe alimwuliza ana nini. Akasema hana neno.

"Mficha maradhi, kifo humuumbua," mkewe alimwambia.

"Nani amekufa?" Kola alijibu. "Leta mashuka."

Siku moja mkono ulimsaliti mbele ya watu. Alikuwa akinyoosha shati la kijani, na mwenye shati amekaa kwenye benchi analisubiri. Alifika sehemu ya mgongo, akataka kuinua pasi. Mkono haukuinuka. Bega lilimchoma kama sindano, vidole vikabaki vimeshika mpini, na pasi ikakaa pale pale. Moshi ukaanza kupanda. Mkewe alikuja mbio kutoka uani, mikono ina povu, akaing'oa ile pasi. Katikati ya mgongo wa shati palibaki umbo la pasi, la rangi ya kahawia.

Mteja hakugomba. Alilitazama shati, akamtazama Kola, akasema, "Pole, fundi." Pole ile ilimuuma Kola kuliko matusi.

Tangu hapo mkewe alifua asubuhi na kupiga pasi mchana. Kazi ilimzidi. Nguo zilichelewa, na wateja wakaanza kupungua. Hapo ndipo alipoingia mtu aliyeitwa Bwana Mvuke.

Bwana Mvuke alikuwa na duka kubwa la mashine za kufulia mwisho wa barabara. Hakuwa mtu mbaya. Alijua tu kunusa mahali palipo na faida. Alivuta kiti, akakaa, akasema kwa upole, "Fundi, umefanya kazi vya kutosha. Niuzie pasi zako na jina lako. Shemeji nitamwajiri kwangu, wewe upumzike. Nitakuja mwisho wa mwezi kuchukua jibu."

"Nitafikiri," Kola alisema.

Mgeni alipoondoka, Kola alikwenda kukaa kwenye benchi la wateja, mahali ambapo hakuwahi kukaa hata siku moja. Akaitazama meza yake kutoka upande ule. Meza hiyo aliachiwa na marehemu baba yake, aliyemfundisha kazi.

"Mke wangu," alisema, "nisiponyoosha nguo, mimi ni nani?"

Mkewe alichukua pasi, akaendelea na shati lililobaki mezani.

Wa kwanza kujitolea kumtibu alikuwa jirani, fundi viatu. Alikuwa na mikono ya chuma na moyo wa kusaidia. "Dawa ya moto ni moto," alisema. "Panapouma ndipo pa kukandamiza." Alimlaza Kola kifudifudi kwenye benchi, akamkanda bega kwa kiwiko kama anayelainisha ngozi ya buti. Kola aliuma meno, akajikaza kiume. Kesho yake hakuweza kuvaa shati bila kusaidiwa. Tusimlaumu sana fundi viatu. Kila fundi huutazama mwili kwa jicho la kazi yake. Kola angekwenda kwa seremala, angepigwa randa.

Miongoni mwa wateja waliobaki alikuwa mama mmoja wa kituo cha afya. Kila wiki alileta makoti yake meupe. Mtaa mzima ulimwita daktari, naye kila mara alisahihisha. "Mimi si daktari. Mimi ni mtaalamu wa viungo. Nawasaidia watu waliokwama kujongea tena." Alikuwa na desturi moja iliyowashangaza watu. Kabla ya kusema neno alikutazama kwanza, taratibu, jinsi unavyosimama na jinsi unavyokaa, na hukujisikia vibaya kutazamwa hivyo.

Siku hiyo alimtazama Kola akigeuka mwili mzima kuchukua koti.

"Kaka, shingo imepatwa na nini?"

"Nimelala vibaya," Kola alisema.

"Wifi yangu," mkewe aliingilia, "kama ni kulala vibaya, basi amelala vibaya tangu mvua zilizopita. Mchukue. Nimechoka kuishi na mlango."

Mtaalamu wa viungo alicheka, lakini macho yake hayakumwacha Kola. "Njoo kituoni kesho," alisema. "Uje na shati jepesi na uache ukaidi nyumbani."

Kesho yake Kola alikwenda, akitarajia kuvutwa na kukandwa. Kwanza aliulizwa maswali. Je, alianguka? Je, mkono una ganzi? Vidole vinaangusha vitu? Anapata homa, au anapungua mwili bila sababu? Je, kifua kinambana akifanya kazi? Kisha mtaalamu akampeleka kwa daktari wa kituo, naye akampima na kusema hakuna mfupa uliovunjika wala mshipa wa fahamu uliobanwa.

"Kwa nini maswali yote hayo?" Kola aliuliza.

"Kwa sababu si kila bega ni langu," alisema yule mama. "Mengine ni ya daktari kwanza. Mtu mwenye dalili hizo nikimwanzishia mazoezi, nitakuwa namchelewesha. La kwako sasa ni langu. Tena ni lako. Lala hapa chini."

Kola alilala chali juu ya mkeka mnene, magoti yamekunjwa, nyayo zimekanyaga mkeka. Alingoja maumivu.

"Usifanye kitu," sauti ilisema. "Sikiliza tu mwili unavyolala. Bega gani linagusa mkeka?"

Kola alifikiri ni mzaha. Kisha akasikiliza. "La kushoto linagusa. La kulia liko juu."

"Umelijuaje?"

"Nimelisikia."

"Vizuri. Sasa telezesha bega la kushoto kuelekea sikioni. Kidogo tu, upana wa kifungo cha shati. Rudisha. Polepole."

"Dada, linaloniuma ni la kulia."

"Najua. La kushoto ni zima. Tulipe nafasi limfundishe mwenzake."

Kola alitelezesha bega zima, upana wa kifungo, akarudisha. Mtaalamu alimwambia apumzike. Akafanya tena, akapumzika tena. Aliulizwa kama mbavu zinasogea, kama macho yanasogea, kama anapumua. Mambo hayo hakuwahi kuyafikiria tangu azaliwe. Kisha mtaalamu alipitisha mkono chini ya bega la kulia, akaubeba uzito wake. Hakuvuta wala hakusukuma. Ule mkono ulifuata bega popote lilipotaka kwenda, na Kola akaona jambo la ajabu. Lile bega, ambalo kwa miezi lilikuwa kama jiwe, likaanza kujiachia lenyewe.

"Hii ni dawa gani?" aliuliza. "Haina nguvu hata kidogo."

"Nguvu ndiyo inayokuzuia kusikia. Ukiwa umebeba pasi ya chuma kwenye kiganja, nikaweka kifungo juu yake, utajua?"

"Sitajua."

"Ukiwa umebeba leso tupu, nikaweka kifungo?"

"Nitajua mara moja."

"Basi ndivyo ilivyo. Ukijongea kwa nguvu nyingi, husikii unachokosea. Ukijongea kama leso, unasikia. Na ukisikia, mwili wenyewe unatafuta njia iliyo rahisi. Mimi sikunyooshi, kaka. Nakusaidia ujisikie. Wapo wataalamu katika nchi nyingi wanaofanya kazi kwa njia hii."

Kola alipoinuka, bega lilikuwa limeshuka. Aligeuza kichwa, akaona dirisha bila kugeuza miguu. Alirudi nyumbani akitembea kama mtu aliyevaa viatu vipya.

Lakini Kola alikuwa dobi, na dobi ana mawazo ya dobi. Njia nzima alifikiri juu ya lile bega lililokuwa juu, lisilogusa mkeka. Kitu kisicholala sawasawa mezani yeye aliijua dawa yake tangu utotoni. Mkewe alipokuwa uani anaanika, Kola aliingia chumbani, akalala sakafuni, akavuta pasi moja ya mkaa ya zamani, nzito, isiyo na moto, akaiweka juu ya bega la kulia ili alikandamize mpaka chini. Aliona hata yule mama atamsifu kwa bidii.

Mkewe alimkuta hapo, jasho linamtoka, vidole vina ganzi.

Aliondoa pasi, akamsaidia kuketi, akavaa kanga yake nyingine, akaenda mpaka kituo cha afya na kusimama mlangoni mwa chumba cha viungo.

"Wifi," alisema, "amejipiga pasi."

Kazi za siku zilipokwisha, mtaalamu wa viungo alikuja mwenyewe dukani. Kola alikuwa amekaa benchini, ameinamisha kichwa kama mtoto aliyevunja sahani. Ganzi ilikuwa imeisha, lakini bega lilikuwa limerudi kuwa jiwe.

"Najua nimekosea," alisema. "Mwambie Bwana Mvuke aje hata kesho."

"Hilo utamwambia mwenyewe," mama yule alijibu, akavuta kiti. "Lakini kwanza nikueleze kitu. Mwili haupigwi pasi, kaka. Nguo ukiikandamiza inalala, kwa sababu nguo haina habari. Mwili una habari zote. Ukiukandamiza, unajihami. Ukiubana, nao unabana zaidi. Bega lako halikuwa juu kwa ukaidi. Lilikuwa linafanya kazi fulani. Nataka tujue ni kazi gani."

"Utajuaje?"

"Wewe ndiye utakayejua. Chukua pasi. Usiiwashe. Nipigie pasi leso hii."

Kola alisimama mezani. Mkewe alisimama mlangoni mwa uani, anajifuta mikono. Kola alitandaza leso, akashika pasi baridi kwa vidole vya kusitasita, akaanza.

"Polepole zaidi," mtaalamu alisema. "Polepole mpaka uone uvivu. Nyayo zako zinafanya nini?"

"Zimeng'ang'ania sakafu."

"Magoti?"

"Yamekaza."

"Usiyarekebishe. Yajue tu. Tumbo?"

"Limekaza pia."

"Pumzi?"

Kola hakujibu. Pasi iliendelea kwenda. Mama yule alingoja. Pasi ilifika mwisho wa leso, Kola akaiweka kando, akatoa pumzi ndefu, ndipo akaweza kusema.

"Sikuwa napumua."

"Mara hii tu, au ndiyo kawaida yako?"

Kola alirudia. Akapiga pasi tena, taratibu, akijisikiliza kama alivyofundishwa mkekani. Mkewe alifungua kinywa kutaka kusema jambo. Mtaalamu alimtazama tu, naye akanyamaza. Kwa mwanamke yule, kunyamaza wakati ule kulikuwa kazi kubwa kuliko kufua mablanketi.

"Mashavu yangu yamejaa," Kola alisema polepole. "Midomo nimeibana. Taya limekaza. Nimeshika kitu mdomoni."

"Kitu gani?"

Kola aliweka pasi chini. Aligusa shavu lake kwa vidole, kama anayegusa shavu la mtu mwingine.

"Maji," alisema.

Ikabidi aeleze. Zamani, baba yake alipomfundisha kazi, hawakuwa na chupa ya kupulizia. Dobi alijaza maji mdomoni, akayabeba hapo huku akipiga pasi, na alipofika penye mkunjo mkavu aliyapuliza juu ya nguo kama manyunyu. Alitakiwa kupumua kwa pua, kidogo kidogo. Taya likaze, shingo isimame, bega likae tayari. Ukicheka, maji yanamwagika. Ukiongea, maji yanamwagika. Baba yake hakuvumilia kumwagika.

"Lakini chupa ya kupulizia ulinunua zamani," mkewe alisema. Alishindwa kuvumilia tena. "Watoto wetu walikuwa bado hawajaanza shule. Mimi mwenyewe nilikupeleka dukani."

"Chupa tulinunua," Kola alisema. "Mdomo haukuambiwa."

Wote watatu walicheka. Kola alicheka mpaka akashika meza, kisha kicheko kikamwishia ghafla na machozi yakamlengalenga. Fikiria mwenyewe. Miaka yote ile, kila shati, kila shuka, alikuwa amebeba maji yasiyokuwepo. Shingo ilikuwa mlinzi wake, na bega mlinzi wa shingo. Walinzi hawa walikuwa wamechoka, na hakuna aliyewaambia waende nyumbani.

"Mazoea yana taabu," mtaalamu alisema. "Mwili ni mtumishi mwaminifu. Ukiufundisha kitu unaendelea kukifanya hata sababu yake ikiisha. Ndiyo maana sikukwambia nilichokiona. Ningekwambia achia mdomo, ungeuachia kwa nguvu na kubana kingine. Sasa umekiona mwenyewe."

"Nifanyeje sasa?"

"Tandaza leso tena. Piga pasi ukiwa unapumua. Uzito uhame kutoka mguu huu kwenda mguu ule, pasi ifuate. Acha miguu isukume, mkono uongoze tu. Ukisikia maumivu, usipigane nayo. Fanya mwendo uwe mdogo zaidi. Na ukiona unazuia pumzi, zungumza. Mtu anayezungumza hawezi kuzuia pumzi."

"Nizungumze na nani?"

Mtaalamu alimtazama mke wa dobi, akarudisha macho kwa Kola. "Kaka, hapa kuna mtu amekusubiri miaka mingi."

Kola alichukua pasi. Akahamisha uzito kutoka mguu mmoja kwenda wa pili, kwa aibu, kama kijana anayefundishwa kucheza. Kisha, bila kumtazama mkewe, akaanza kusema.

"Leso ya kwanza niliyopewa na baba ilikuwa ya mwalimu wetu. Niliiunguza. Niliogopa, nikaizika nyuma ya nyumba."

"Hukuwahi kuniambia," mkewe alisema.

"Nilikuwa na maji mdomoni."

Mtaalamu wa viungo alichukua makoti yake akaondoka, na hao wawili hawakumwona akitoka.

Isidhaniwe kwamba bega lilipona siku ile. Hiyo si hadithi ya kweli. Kila asubuhi, kabla ya kufungua duka, Kola alilala sakafuni juu ya blanketi lililokunjwa, akatelezesha mabega upana wa kifungo na kusikiliza. Kila wiki alirudi kituoni, chumbani kwa yule mama, ambako watu wa kazi mbalimbali walilala mikekani wakigeuza vichwa polepole. Fundi viatu alichungulia siku moja, akasema hajawahi kuona watu wazima wakilipia huduma ya kujinyoosha kivivu namna ile. Wiki iliyofuata alikuwa mkekani yeye mwenyewe, akilalamikia kiuno.

Siku nyingine bega lilikaza. Zamani angelilaani na kuongeza nguvu. Sasa alisimama, akauliza nyayo, akauliza magoti, akauliza taya. Mara nyingi jibu lilikuwa kwenye taya. Alianza na leso tu, akaingia kwenye foronya, kisha mashati ya watoto. Mashuka mazito aliyaacha mpaka mwili ulipomwambia uko tayari. Mkewe aliacha kupiga pasi, akarudi kwenye beseni lake.

Na Kola alizungumza. Alimsimulia mkewe habari za baba yake, za wateja wa zamani, za shati moja la hariri aliloliogopa. Alimwuliza maswali. Alibishana naye juu ya bei ya sabuni. Wateja walioingia walisimama wakishangaa, wasijue kama wameingia duka lenyewe. "Alikuwa bubu?" mmoja alinong'ona. Mke wa dobi akamjibu kwa sauti ya kusikika mpaka barabarani kwamba hakuwa bubu, alikuwa anabania.

Mwisho wa mwezi Bwana Mvuke alikuja kama alivyosema. Kola alikuwa mezani, na shati jeupe mbele yake. Pasi ilikwenda na kurudi, miguu ikihama taratibu chini ya meza, na mdomo ulikuwa katikati ya habari ndefu kuhusu mbuzi wa jirani. Aliona mgeni. Aligeuza kichwa, shingo tu, akamkaribisha kwa sauti.

"Karibu, bwana. Kaa. Namalizia kola."

Bwana Mvuke alikaa benchini. Alimtazama Kola akinyoosha kola kutoka ncha kuelekea katikati, kisha ncha ya pili. Alimtazama akiinua shati kwa mkono wa kulia na kulitundika juu ya kamba. Mtu huyu alikuwa na mashine kubwa zenye taa na vitufe, lakini alikuwa fundi vilevile, na fundi humjua fundi. Alingoja mpaka lile shati litulie kwenye kamba.

"Na mkono?" aliuliza.

"Mkono upo," Kola alisema. "Siuzi, bwana. Nashukuru kwamba ulinifikiria."

Bwana Mvuke aliinuka, akalisogelea lile shati, akaishika ile kola kwa vidole viwili. "Mashine zangu haziwezi hii," alisema. Akavua koti lake, kisha shati lake lililokunjamana shingoni, akabaki na fulana. "Nina kikao leo mchana. Utaniwahisha?"

Kola alilipokea shati lake na kulitandaza. Mke wa dobi alikwenda uani, nyuma ya kamba ya mashuka, mahali ambapo hakuonekana. Alilia kidogo kwa furaha, akafuta macho kwa ncha ya shuka la mteja, akaligundua hilo, akalirudisha kwenye beseni. Kutoka ndani alisikia sauti ya mumewe ikimweleza Bwana Mvuke habari za yule mbuzi tangu mwanzo.